Si Mngenunua Tu?

Najua nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, kazi imenibana. Leo nimerudi na hasira kidogo, kwa hivyo kaeni vizuri.

Jumamosi iliyopita mwenzangu wa kazini alinitembelea nyumbani, hapa Kasarani. Tulikuwa tunakunywa chai tu, hatuna neno, mpaka macho yake yakatua kwenye ukuta wa sebule ambako nimetundika mbao mbili ndefu nyeusi zenye ncha zilizojikunja.

"Boss, hizi ni nini?"

Nikamwambia ni ski, zile mbao za kutelezea juu ya theluji. Nikamweleza kwamba nilizitengeneza mimi mwenyewe na marafiki wawili, kwa nyuzi za kaboni, nilipokuwa nasoma Norwe. Akauliza ilichukua muda gani. Miezi saba. Akauliza kama dukani hazipo. Zipo tele. Basi jamaa akacheka mpaka chai ikamwagika kwenye kochi langu.

"Miezi saba! Si mngenunua tu?"

Nilifuta kochi, nikanyamaza. Lakini maneno hayo matatu siku hizi nayasikia kila wiki kazini, na kila wiki yanatugharimu. Mtu akisema aandike kijiprogramu kidogo aelewe jinsi kitu kinavyofanya kazi: si tununue tu? Mwanafunzi wa atachi akiuliza hifadhidata inahifadhije data: hiyo si kazi yako, tumia tu. Tumelea kizazi kizima cha waandishi wa programu wanaojua majina ya vitu vyote na hawajui tumbo la hata kimoja. Halafu tunajiita wahandisi!

Hoja yangu ni hii, na nitaitetea mpaka mwisho: mtu ambaye hajawahi kutengeneza kitu hajui kukinunua. Atalipa, atapewa risiti, lakini hajui alichokibeba. Nitatumia hizo hizo ski kuonyesha.

GEREJI YA TRONDHEIM

Ilikuwa msimu wa baridi wa 2022 kuingia 2023. Trondheim mwezi Desemba jua linachomoza karibu saa nne asubuhi na kuzama saa nane na nusu mchana. Mtu aliyekulia kwenye jua la Nairobi anaweza kupatwa na wazimu. Kilichoniokoa ni gereji ya babu ya mwanafunzi mwenzangu. Yeye nitamwita Mnorwe tu, na wa tatu wetu nitamwita Msloveni, maana sijawaomba ruhusa ya kuwataja.

Kwanza nijibu swali ambalo wengine tayari mnaliuliza: Mkenya na ski wapi na wapi? Jamani, mmemsahau Philip Boit? Mwaka 1998, kwenye Olimpiki ya Nagano kule Japani, Boit alimaliza mbio za ski za kilomita 10 akiwa wa 92, wa mwisho kabisa. Mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alimngoja kwenye mstari wa mwisho mpaka afike, akamkumbatia. Boit akarudi tena 2002 na 2006. Babu wa Mnorwe aliposikia natoka Kenya hakuniuliza habari za simba. Aliniuliza habari za Boit, kisha akanipa funguo za gereji.

Sasa, ski ni nini? Ukiikata katikati utaona tabaka kama za sandwichi. Chini kabisa kuna plastiki ngumu ya kuteleza, ni aina ya polithini yenye molekuli ndefu mno. Pembeni mwa plastiki hiyo kuna kingo za chuma zinazokata barafu. Juu yake kuna tabaka la nyuzi, halafu kiini cha mbao, halafu nyuzi tena, halafu ngozi ya juu yenye mapambo. Vyote vinashikanishwa kwa gundi ya epoksi na kubanwa kwa nguvu kwenye kalibu yenye umbo la ski mpaka gundi igande. Basi! Hakuna uchawi. Uchawi ni wa matangazo ya biashara.

JOZI YA KWANZA: KUNAKILI

Jozi ya kwanza tulifanya kile ambacho kila mwandishi wa programu hufanya saa tano za usiku: tulinakili. Tulikuwa na vipimo vya ski iliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo, ambayo kiini chake kilikuwa na unene wa milimita 12 katikati. Sisi tukasema, ah, kaboni ni bora kuliko kioo, tutoe kioo tuweke kaboni, mengine yote yabaki vilevile. Mnaona hiyo akili? Ni sawasawa na kubandika msimbo wa mtu mwingine ndani ya mradi wako na kubadilisha majina mawili.

Nyuzi za kaboni za daraja la kawaida zina ugumu wa gigapaskali 230 hivi. Za kioo zina 72 hivi. Yaani mara tatu! Tulipata ski ambayo haipindi. Ski inatakiwa ipinde, ifuate mgongo wa mlima. Yetu ilikuwa kama kipande cha reli ya SGR. Tulizipeleka Vassfjellet, mlima wa ski ulio karibu na mji, na mjaribu wetu alikuwa Msloveni kwa sababu mimi huanguka hata nikivaa ski nzuri. Aliteremka mara mbili. Alirudi akishika taya, akasema meno yote yamelegea.

Ndipo tukaketi kupiga hesabu ambayo tungeipiga mwanzoni. Ubao mtupu, ugumu wake unakua kwa kipeo cha tatu cha unene: ongeza unene kwa asilimia 10, ugumu unapanda kwa asilimia 33. Kwenye ski mzigo mwingi unabebwa na ngozi mbili za nyuzi, ya juu na ya chini, kwa hivyo hesabu inakaribia kipeo cha pili cha umbali ulio kati yao. Kupunguza kiini kutoka milimita 12 hadi 10 kunaondoa karibu asilimia 30 ya ugumu. Milimita mbili tu! Na kuna jambo jingine: nyuzi za kaboni zikivutwa hukatika baada ya kurefuka kama asilimia 1.5 hivi, wakati za kioo huvumilia mara mbili au tatu ya hapo. Kaboni ni ngumu na nyepesi, lakini haisamehi.

Hakuna muuzaji ambaye angetueleza haya. Kwa nini atueleze? Kazi yake ni kuuza neno "kaboni".

JOZI YA PILI: MANDAZI

Hapa lazima niungame. Ile plastiki ya chini huja ikiwa imeandaliwa upande mmoja: imepigwa msasa na kupitishiwa moto ili gundi iweze kuishika, maana kwa asili yake hakuna kinachonatana nayo. Upande huo hautakiwi kuguswa kwa mkono mtupu.

Siku ile nilikuwa nimepika mandazi. Nilitaka kuwaonjesha wenzangu kitu cha nyumbani. Mandazi yalisifiwa sana. Halafu mimi, bila kufikiri, nikainua ile plastiki kwa vidole vilivyojaa mafuta nikaipeleka kwenye kalibu. Yakafuata makosa mengine mawili. Tulikoroga gundi nyingi kwa wakati mmoja ndani ya ndoo. Epoksi ikiganda hutoa joto, na ikiwa nyingi mahali pamoja joto halina pa kutokea. Ndani ya dakika chache ndoo ikaanza kufuka moshi, tukaitupa nje kwenye theluji kama watu wanaotupa bomu. (Siku hizi naimwaga kwenye trei pana na kina kifupi.) Tulipokoroga nyingine, gereji ilikuwa na nyuzijoto sita, baridi mno, gundi ikakaa kama asali. Ilibidi tufunike kalibu kwa blanketi la umeme kama mgonjwa wa malaria.

Jozi hiyo ilionekana nzuri ajabu. Ilishikilia mara tatu. Mteremko wa nne, plastiki ikabanduka palepale nilipoishika, ukingo wa chuma ukachomoka, na Msloveni akaruka angani.

Hakuumia, na sababu ya kutoumia kwake ndiyo kiini cha makala hii. Ski ilimwachilia. Vifungio, yaani vile vitu vinavyoshika buti kwenye ski, vilifunguka kama vinavyotakiwa kufunguka.

Vifungio hivyo tulinunua.

KILE AMBACHO HATUKUTENGENEZA

Nasema haya wazi kwa sababu najua kuna watu wataniambia, "Kwa hivyo unataka kila mtu atengeneze kila kitu? Tuchimbe na shaba ya nyaya?" Hapana, ndugu yangu. Siku ya kwanza kabisa, kabla ya kukata hata ubao mmoja, Mnorwe alichora mstari kwenye ukuta wa gereji. Upande huu: kitu kikivunjika tunacheka. Upande ule: kitu kikivunjika tunaita ambulensi. Vifungio vilikuwa upande ule. Spring zake hupimwa ili zifunguke kwa nguvu fulani, kulingana na uzito wako, urefu wako, umri, uzoefu na urefu wa soli ya buti. Kuna kiwango cha kimataifa cha kazi hiyo, ISO 11088. Hatukuwa na vifaa vya kupima, kwa hivyo tulinunua, na tukamlipa fundi wa duka avirekebishe.

Mtambo wa kubana nao ulitufikisha kwenye mstari huo. Tuliutengeneza kwa mihimili ya chuma, na katikati tukaweka mpira wa zimamoto unaojazwa hewa kwa kompresa. Mimi nilitaka tujaze hewa mara moja tuone. Mnorwe akanizuia: kwanza hesabu, halafu hewa. Ski moja ilikuwa na eneo la karibu mita mraba 0.2. Kwa shinikizo la baa 3, hiyo ni nguvu ya nyutoni 60,000. Tani sita, wadau. Ndovu dume mzima amesimama juu ya boliti zetu, na boliti tulizokuwa tumenunua zilikuwa za kufungia rafu za vitabu. Tulizibadilisha zote.

Kwenye programu mstari huo upo pia. Siandiki mwenyewe msimbo wa kusimba nywila za wateja, kamwe. Hiyo ni kazi ya watu wanaojua hisabati yake na iliyochunguzwa na maelfu. Lakini niliujuaje mstari huo? Niliujua kwa sababu nilipokuwa mwaka wa pili chuoni nilijaribu kuandika ya kwangu, na rafiki yangu akaivunja kabla chakula cha mchana hakijaiva. Mtu ambaye hajawahi kutengeneza chochote hana mstari. Kwake yeye kila kitu ni cha kununua, kwa hivyo hajui kipi ni cha kuogopa.

JOZI YA TATU, NA SAFARI YA DUKANI

Jozi ya tatu ndiyo hiyo iliyo ukutani kwangu. Kiini cha milimita 10, kaboni na kioo pamoja, plastiki ikashikwa kwa glavu safi, mandazi yakaliwa nje. Moja ina gramu 1,430 na nyingine 1,470. Gramu 40 za tofauti zinanisumbua mpaka leo. Mwezi wa Aprili tulizipeleka Oppdal, Msloveni akateremka nazo siku nzima, jioni akasema neno moja tu: "Zinapinda." Tulishangilia kama tumeshinda uchaguzi.

Gharama? Sitawadanganya. Ukijumlisha jozi tatu, mtambo, gundi iliyofuka moshi na boliti tulizozitupa, tulitumia pesa zaidi kuliko bei ya jozi moja nzuri ya dukani. Ukipiga hesabu ya pesa tu, mwenzangu wa kazini ameshinda.

Lakini ngoja niwaeleze kilichotokea wiki mbili baadaye. Niliingia duka moja la michezo na rafiki mwingine aliyetaka kununua ski. Muuzaji akamletea jozi yenye bei ya kutisha, imeandikwa kaboni kwa herufi kubwa. Nikaomba niishike. Nikaipinda. Nikaitazama kwenye mkato wa ncha. Nikamuuliza muuzaji, kwa upole tu: kaboni iko wapi?

Akasema iko ndani.

Ndani wapi?

Ikabidi afungue karatasi ya maelezo. Kaboni ilikuwa utepe mmoja mwembamba katikati, unaopita kwa urefu. Kwingine kote ni nyuzi za kioo, kama ski nyingine ya bei nusu iliyokuwa pembeni yake. Si kosa kujenga ski hivyo, wakati mwingine ni uamuzi mzuri tu wa uhandisi. Lakini rafiki yangu alikuwa karibu kulipia neno. Alichukua ile ya bei nusu.

Hiyo ndiyo faida ya miezi saba ambayo haionekani kwenye risiti.

KABONI IKO WAPI?

Sasa turudi Nairobi, kwenye ofisi zetu. Mwaka jana kampuni fulani ilituletea mfumo wa kutambua miamala ya ulaghai. Suti nzuri, slaidi nzuri, na kila slaidi ina maneno "akili unde". Wakubwa wakafurahi. Mimi nikauliza swali langu la dukani: akili yenyewe iko wapi? Imefunzwa kwa data gani? Inakosea mara ngapi ikimtuhumu mtu asiye na hatia? Baada ya kuzungushwa kwa nusu saa, tukaambiwa kwamba kwa sasa mfumo unatumia "kanuni mahiri". Yaani orodha ya masharti: kama kiasi kimezidi hapa, na kama ni usiku, zuia. Kazi ambayo kijana wa atachi angeiandika kwa wiki moja. Utepe mmoja mwembamba katikati, kwingine kote kioo!

Mfumo ulinunuliwa hata hivyo. Nilishindwa kura. Ndiyo maana nina hasira.

Na kabla ya hapo kulikuwa na jambo baya zaidi. Mahali nilipofanya kazi zamani, mwisho wa mwezi, mfumo wa kulipa vibarua wa mteja wetu uligoma. Vibarua zaidi ya mia mbili, watu wa kulipwa kwa siku, wenye kodi ya nyumba na karo. Mfumo ulikuwa umeshonwa kutokana na maktaba za msimbo za watu wengine, nzuri zote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuangalia ndani. Tulifanya nini? Tuliwasha upya seva. Ikafanya kazi saa moja, ikagoma. Tukawasha tena. Siku mbili nzima tulikuwa wahandisi wa kuzima na kuwasha. Siku ya pili jioni mama mmoja alipiga simu ofisini, akauliza kwa heshima sana kama angoje au akakope.

Aliyetatua alikuwa mwanafunzi wa atachi. Kijana huyo likizo iliyotangulia alikuwa amejiandikia hifadhidata ndogo ya kuchezea, mistari isiyozidi elfu, haina faida kwa mtu yeyote. Lakini kwa kuiandika alikuwa amejua kwamba miunganisho ya hifadhidata ina idadi, na kila anayeazima lazima arudishe. Akatazama, akaona kwamba ombi likichelewa na muda wa kusubiri ukiisha, msimbo wetu ulikuwa unatoka bila kurudisha muunganisho. Kila ombi lililochelewa liliondoka na mmoja. Mwisho wa mwezi maombi ni mengi, akiba ikaisha, kila kitu kikasimama. Mistari minne ya marekebisho. Mia mbili na zaidi wakalipwa usiku huo.

Wiki iliyotangulia, mmoja wetu alikuwa amemwambia kijana huyo huyo aache kupoteza muda na vitu vya kuchezea. Mnajua alimwambia nini? "Si utumie tu iliyopo?"

Mmoja huyo nilikuwa mimi. Mimi, niliyetoka Trondheim na ski mkononi! Mwaka mmoja wa makataa na mikutano ulitosha kunisahaulisha. Kwa hivyo msidhani namsema mwenzangu wa chai peke yake.

"LAKINI HATA VITU VIKUBWA VINANUNULIWA"

Mtanijibu kwamba nchi haijengwi na watu wanaochezacheza kwenye gereji. Kweli? Sondre Norheim, aliyezaliwa 1825 huko Morgedal, Telemark, alikuwa mtu maskini aliyechonga ski zake mwenyewe. Alizichonga nyembamba katikati ili zigeuke kwa urahisi, akaongeza vifungio vya vijiti vya mti vinavyozunguka kisigino. Umbo hilo la kiuno chembamba lipo kwenye ski za dukani mpaka leo. Msloveni naye kila tukibishana alitukumbusha kwamba mwaka 1993 ni kampuni ya kwao, Elan, iliyokisukuma kiuno hicho mbali zaidi na kubadilisha namna dunia inavyoteleza.

Na Howard Head? Alikuwa mhandisi wa ndege huko Baltimore, Marekani. Aliona ski za mbao ni nzito, akaamua kutengeneza zake kwa alumini na mbao, kama bawa la ndege. Desemba 1947 alipeleka jozi sita Stowe, Vermont, walimu wa ski wazijaribu. Zote sita zilivunjika. Akarudi, akatengeneza, zikavunjika, akarudi tena, mpaka 1950 akapata iliyodumu. Baadaye dunia nzima ikanunua. Kila kilicho dukani kilivunjikia kwanza mikononi mwa mtu aliyeambiwa "si ununue tu".

Tuje kwetu. M-Pesa ilizinduliwa Machi 2007, na sote tunajivunia. Nami najivunia. Lakini mpaka 2015 seva zake zilikuwa Ujerumani, na mpaka 2020 jina lenyewe na haki za kuiendeleza vilikuwa vya Vodafone ya Uingereza, ndipo Safaricom na Vodacom wakazinunua. Miaka 13 tuliishi ndani ya nyumba nzuri, tukaisifu kwa wageni, na hati ya kiwanja haikuwa kwetu. Kuinunua ilikuwa hatua nzuri. Lakini ili ununuzi huo uwe na maana lazima wawepo Wakenya wanaoijua nyumba ile toka msingi hadi paa. Watatoka wapi, kama kila kijana anayeuliza msingi ukoje tunamwambia atumie tu?

Nendeni Kamukunji mkamwone fundi wa masanduku. Mpe bati alishike tu, atakuambia kama ni geji 28 au 30, na kama muuzaji wa hadweya amekuibia. Hakusomea. Amekunja mabati miaka ishirini. Huyo huwezi kumuuzia neno. Nataka ofisi zetu ziwe na watu wa namna hiyo, na kwa sasa wengi wetu tuna vyeti vikubwa kuliko yule fundi na tunauziwa maneno kila robo ya mwaka.

KWA HIVYO TUFANYE NINI?

Sisemi muache kazi mkajenge kila kitu. Kazini, tumieni maktaba zilizopo, wateja wanangoja. Lakini chagueni kitu kimoja mnachokitegemea kila siku na hamkielewi, mkitengeneze mara moja, kidogo, kibaya, na marafiki. Marafiki ni muhimu. Peke yangu ningeacha baada ya meno ya Msloveni kulegea, na peke yangu ningejaza hewa kwenye ule mtambo na pengine nisingekuwa hapa kuandika.

Chora mstari kwanza: kipi kikivunjika mtacheka, kipi kikivunjika mtu ataumia. Cha kuumiza nunueni, tena kwa mtu anayejua. Na kila kosa liandikeni. Ukuta wa ile gereji una orodha mpaka leo, na namba tatu ni "mandazi".

Kuhusu mwenzangu wa chai: kabla hajaondoka alizishusha ski kutoka ukutani, akaiegemeza moja sakafuni, akaikandamiza katikati kwa kiganja. Ikapinda, ikarudi. Akarudia mara tatu au nne. Akauliza ndani mna nini. Nikamweleza, tabaka kwa tabaka, na chai ikapoa. Hakukubali kwamba ninazo akili timamu. Nairobi haina theluji, alisema, na hata barafu ya Mlima Kenya inazidi kuisha, utazifanyia nini? Sina jibu zuri. Ziko ukutani.

Lakini Jumamosi hii anarudi. Tunaanza kuandika hifadhidata ndogo ya kuchezea, kutoka sifuri, watu watatu. Yule kijana wa atachi, ambaye sasa ameajiriwa, ndiye atakayetufundisha. Kama uko Nairobi na ungependa kuja, niandikie. Njoo na kompyuta yako. Chai ipo, na mandazi yapo, ila utanawa mikono kabla ya kugusa chochote.

Haya, wadau, tuonane wiki ijayo. Wa kunipinga anipinge hapo chini, ila kwanza aniambie: mara ya mwisho alitengeneza nini?